Tuliimba 'Starehe', Kupima Hatukupima

Kuna nyimbo ukizisikia tu unakumbuka ulikuwa wapi. Kwangu ni 'Starehe' ya Ferooz akiwa na Professor Jay, ya mwaka 2004. Ferooz tulishamjua tangu Daz Nundaz. Wimbo huu ulikuwemo kwenye Safari, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo kwa bibi Mahongole, jirani na Makambako, na baridi lile si la mchezo. Redio ikiupiga, sisi watoto tunaimba mwanzo mwisho. Bibi anakuja, anaizima. Wimbo ni wa kijana aliyeponda raha mpaka akaupata UKIMWI, na chumba cha pili amelala mjomba, amekonda. Tuliambiwa anaumwa kifua. Tulimzika kabla mwaka haujaisha.

Juzijuzi nikampeleka mchumba wangu kwa bibi kumtambulisha. Kwenye basi wimbo ukapigwa, mwenzangu akauimba wote, kwa raha zake. Nikamuuliza, "Hivi sisi tumeshawahi kupima?" Kimya. Miaka mitatu ya mapenzi, hadi rangi za sherehe tumechagua, lakini hilo hatujawahi kuligusa. Na usomi wetu wote!

Kumbe bibi naye alikuwa nalo. Baada ya chai na viazi akatutazama: "Wajukuu zangu, mmepima? Mimi nilinyamaza mara moja, inatosha."

Kiukweli, wimbo ule ulitufundisha kuogopa, na woga ukatuziba mdomo. Lakini mwaka uleule wa 2004 ndipo serikali ilipoanza mpango wa taifa wa kutoa dawa bure. Mjomba hakuziwahi. Leo anayemeza dawa zake vizuri, virusi vikafubaa hadi kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hata hivyo Njombe bado inaongoza: utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi, wakati kitaifa ni 4.4.

Kesho yake tulikwenda kupima, tumeshikana mikono, viganja vimelowa jasho kwenye baridi ile. Majibu ni yetu wawili. Nitakwambia tu kwamba harusi iko palepale, na siku hizi tunaongea mambo tuliyokuwa tunayakwepa.

Je, wewe na wako? Ulizaneni kabla kadi hazijachapwa.