Ufito, Kivuli na Watoto wa Mtaa



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu, wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa. Kwa miaka isiyopungua 20 tumekuwa tukisimama mlangoni pa chuo chetu baada ya sala ya alasiri, bakora mkononi, tukiwatawanya watoto waliokuwa wakicheza gololi na mpira wa makaratasi katika kiwanja kilicho ubavuni mwa msikiti. Tuliona kwamba twailinda heshima ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, na wazazi walitushukuru. Watoto nao walijifunza jambo moja upesi: Maalim akitokea, furaha huondoka.

Mtaa wetu ni katika mitaa mikongwe ya Mombasa. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na mahali pa mtoto kukimbia pamepungua mwaka hadi mwaka. Chini ya mkungu tuliokuwa tukichezea mdako na pia utotoni mwetu, leo pana maduka, na njia zimechukuliwa na bodaboda na tuktuk. Kiwanja kile, ambacho hakizidi hatua 30 kwa 20, ndicho kilichosalia. Kamati ilipoletewa shauri la kukifanya maegesho ya magari ya kulipia, ili mapato yausaidie msikiti, sisi tulikuwa wa kwanza kuinua mkono kuliunga.

Likaja jambo katika likizo ya Desemba. Mjukuu wa dada yetu, mwenye miaka 9, alikuwa akihesabiwa miongoni mwa watoto wazito. Tulikuwa tumemsomesha mlango wa nyakati za sala katika Safinatun Najaa mara tatu, na mara zote tatu ulimponyoka. Asubuhi moja akatuuliza, “Maalim, hicho kivuli cha kila kitu hupimwa vipi? Cha msikiti atapanda nani akakipime?” Wenzake wakaangua kicheko. Tulikwisha kuinua sauti tumkemee, kisha tukanyamaza. Tangu tuanze kusomesha mlango ule, sisi wenyewe hatukuwahi kukipima. Tulitegemea ratiba iliyobandikwa ukutani.

Tukatwaa ufito, tukausimika kiwanjani hata ukasalia urefu wa mita moja juu ya ardhi. Kila robo saa watoto walitia alama ya chaki pale ncha ya kivuli ilipofika. Baina ya alama na alama, kila mmoja aliweka kijiwe chake mahali alipokisia kivuli kitafika, na aliyekosea zaidi ya wenzake alikizunguka kiwanja mbio huku akishangiliwa. Hatukumbuki lini tulisikia kicheko kingi kama hicho katika darasa la fiqhi.

Ilipokaribia saa sita na robo, kivuli kiliacha kupungua. Kilikuwa shibiri yetu moja na nusu. Yule mtoto mzito akainama, akakitazama, akapiga ukelele, “Maalim, kimeelekea kibla!”

Na kweli kilikuwa kimeelekea kibla. Makka iko kaskazini mwa Mombasa, karibu sawasawa kabisa, na mwezi wa Desemba jua hutupitia upande wa kusini, basi kivuli cha adhuhuri hulala kuelekea kaskazini. Katikati ya mwaka kitageuka na kulala kusini. Mapema mwezi wa Machi, na tena mapema Oktoba, jua hutupitia utosini, na ufito hubaki karibu hauna kivuli. Watoto walituahidisha tukitazame Machi, na wala hatukuhitaji kubembelezwa.

Alasiri yeye ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Kivuli kilipotimia mita moja juu ya ile shibiri na nusu ya adhuhuri, alitwambia wakati umeingia, na muadhini alikuwa bado anatawadha. Mlango ule haukumponyoka tena.

Tulirudi nyumbani tukiwa na haya. Ni sisi tunaosimulia mimbarini kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni. Kwamba alimuuliza mtoto Abu Umayr habari za ndege wake. Na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi naye akitazama. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameusia katika Ihya kwamba mtoto akimaliza masomo aachiwe acheze mchezo mwema, kwani kumzuia na kumbebesha masomo daima huuua moyo wake na kuidhoofisha akili yake. Tumeyasoma hayo kwa miaka, kisha tukaishika bakora.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya alasiri, kamba hufungwa mwanzo wa kichochoro, na madereva wa tuktuk wamekubali kupitia njia ya pili. Mama wawili na kijana mmoja hukaa barazani kuangalia. Watoto huteka mchanga kwa kibaba hadi wajue kwa mikono yao kwamba vibaba 4 ni pishi moja, kipimo cha zaka ya fitri. Hurusha vishada wakaujua upepo wa Kaskazi kwa kuuvuta. Wasichana wana zamu yao kamili ya mdako na kamba. Adhana ya magharibi ikilia, michezo hukoma. Kioo kimoja kimevunjika, na kimelipwa. Magoti yamechubuka, na yamepona.

Sasa lililobaki. Ijumaa ijayo baada ya sala, kamati itakata shauri la kiwanja. Hatutaficha kwamba paa la msikiti linavuja, na kwamba fedha za maegesho zingelitengeneza. Aliyeleta shauri lile hana nia mbaya. Lakini paa tunaweza kulichangia nyumba kwa nyumba, kama wazee wetu walivyochanga walipoujenga msikiti wenyewe. Kiwanja kikishamwagwa saruji na kuwekwa magari, hakuna mchango utakaowarudishia watoto hawa utoto wao.

Mkono tulioinua mwanzo, siku hiyo tutauteremsha mbele ya watu, na tutaanza sisi kutoa mchango wa paa. Wazazi wenzetu, njooni, na mje na watoto wenu. Na atakayefika mapema, saa sita za mchana, atamkuta mtoto mmoja karibu na ufito. Amuulize kivuli hupimwa vipi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa walimu wanaokimbiliwa. Wabillahi tawfiq.