Lete Logibuku Kwanza

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa Ifakara mjini, kwenye duka la steshenari, kupiga chapa barua za kuomba kazi. Nilitoka kijiji cha Namawala, kwenye mpunga, ambako msimu ukifika watu huhamia kwenye madungu shambani kulinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe pori. Walimu, manesi, vijana waliotaka kuingia kiwanda cha sukari, wote niliwapa barua moja: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nilibadilisha jina, tarehe na anwani, basi. Mwenye duka alinisifu kwa mwendo wa vidole.

Baadaye nikapanda treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam, na baada ya kuhangaika huku na kule nikapata ukarani wa operesheni katika kampuni ndogo ya ndege pale Jengo la Kwanza la uwanja wa Julius Nyerere. Ndizo ndege zinazokwenda Mafia, Zanzibar na mbugani. Nilipima mizigo, nikapima na abiria wenyewe, maana kwenye Cessna Caravan kilo ni kilo hata kama ni za mheshimiwa. Niliweka kumbukumbu za saa za kila rubani, kwa kuwa sheria inamwekea kikomo cha kuruka. Na nilipokea bahasha za kaki za marubani waliotafuta kazi.

Bahasha zililetwa na vijana wenye mashati meupe yaliyopigwa pasi, wameshuka daladala barabarani na kuingia kwa miguu. Wanaomba kumwona rubani mkuu, na rubani mkuu yuko angani. "Shikamoo mama, naomba umpatie hii." Marahaba. Bahasha inabaki mezani kwangu.

Pale mezani ndipo nilipojifunza namna rubani mkuu anavyosoma. Ana dakika chache kati ya kushuka na kupaa tena, jasho halijakauka. Hasomi sentensi. Anatafuta saa: jumla ya saa za kuruka, ngapi akiwa kapteni, ngapi za injini mbili, ngapi za usiku, ngapi kwa kutegemea vyombo, ngapi kwenye aina ya ndege tuliyo nayo. Kisha lini aliruka mara ya mwisho. Kisha leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaisha lini, na kiwango cha Kiingereza cha anga, ambacho kisishuke chini ya 4. Mwenye 6 hapimwi tena. Asipoviona hivyo upesi, bahasha inarudi kwangu, na sikuwa na kabati la kutosha.

Wengi walidhani ni kiburi cha mzee yule, kumbe nyuma yake yuko mtu wa bima, ambaye ndiye anayesema rubani wa ndege hii awe na saa zisizopungua ngapi. Leseni ya urubani wa kibiashara unaweza kuipata ukiwa na saa 200, au hata 150 kama umesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Ile ya juu kabisa inataka 1,500. Katikati ya namba hizo mbili ndimo kijana anamoteseka.

Mmoja wao aliniletea CV iliyotengenezwa na mtaalamu wa mjini kwa pesa ambayo baba yake aliipata kwa kuuza ng'ombe. Kurasa nne, mistari ya bluu, picha ya pasipoti, "lengo langu maishani", kuogelea na kusafiri kama mambo anayoyapenda, matokeo yake ya kidato cha nne. Saa za kuruka zilikuwa ukurasa wa tatu, chini ya kozi ya kompyuta. Mtaalamu yule alijua kupamba karatasi, ila hakujua msomaji ni nani.

Nikamwambia, "Mwanangu, lete logibuku," yaani kitabu ambamo rubani huandika saa zake za kuruka. Tukakaa baada ya kazi, mimi na kikokotoo, yeye anasoma safu, mimi najumlisha. Kila ukurasa una jumla yake chini, na jumla hiyo huhamishiwa juu ya ukurasa unaofuata. Ukiteleza mahali pamoja, kosa linasafiri hadi mwisho wa kitabu. Tukakuta saa za mashine ya kuigiza urukaji zimechanganywa na saa za ndege yenyewe. Zile za mashine ni halali, lakini zina safu yake. Tulipozitenga, jumla ilipungua, na uso wa kijana ukapungua nayo. Nikaandika ukurasa mmoja: namba juu, leseni chini yake, chuo alichosoma Afrika Kusini, wadhamini wawili. Rubani mkuu aliusoma amesimama. Akamwita, akalinganisha na logibuku, zikakubaliana. Alianza kama rubani msaidizi wa Caravan.

Habari hutembea. Mwaka 2016 Air Tanzania ilipopokea ndege mbili mpya za Q400, na 2018 ilipoleta Boeing 787 na baadaye Airbus A220, waliokomaa kwenye ndege ndogo walipata pa kutazama, na kila aliyetoka aliacha kiti. Bahasha zikawa ujumbe wa WhatsApp, nami nikaanza kulipwa kwa kuandika CV. Mama yangu kule kijijini alishangaa: "Anayerusha ndege naye anaombaomba kazi kama sisi?" Anaomba, mama, tena ana deni la ada.

Mwaka 2020 corona ilipozisimamisha ndege, walionitafuta walikuwa makapteni hasa, wengine wametoka Ghuba. Hao ndio wagumu. Mtu ana maelfu ya saa, hajaandika CV tangu ujana, anataka kusimulia. Na anataka kuficha miezi aliyokaa chini. Mimi niliandika wazi: kazi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya corona, saa zilizorukwa tangu hapo, sifuri. Ulimwengu mzima ulijua. Pengo lililoandikwa linaulizwa swali moja. Lililofichwa linaulizwa mengi.

Wapo pia walionitaka niongeze saa kidogo. Tulikuwa tunaziita saa za kalamu. Mbali na dhambi yake, ni ujinga: safari moja ya ndege imeandikwa kwenye kitabu cha ndege yenyewe, kwenye mafaili ya kampuni, na mnara wa kuongozea ndege nao una kumbukumbu zake. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) akivilaza vitabu mezani, cha rubani ndicho kitakachobaki peke yake, na leseni inaweza kwenda nacho.

Sasa nimerudi Namawala. Nalima mpunga, na jioni mtandao ukitulia nashughulikia CV za watu. Malipo tunapatana, asiye na kazi analipa akipata. Ukinitafuta, usinitumie CV yako ya zamani. Piga picha kurasa za logibuku, zote, zisomeke, pamoja na leseni na cheti cha afya. Na kama unataka kuongezewa saa, nenda kaziruke.