Nilichokiacha kwenye Wasifu wa Bibi

Nilipoulizwa, nilisema nimesahau. Sikusahau. Bibi alipofariki, ukoo ulinikabidhi kuandika wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kushika kalamu, nami kwa makusudi niliiacha kazi aliyoifanya miaka nenda miaka rudi bila kulipwa senti. Niliiacha kwa sababu ilihusu vyoo.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikutana kwa vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasomewa kitabu, kisha wakakubaliana la kufanya: kufyeka nyasi, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo. Kijijini kwetu, milimani Usambara, redio ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi na msomaji alikuwa Bibi. Kampeni ikaisha, yeye akaendelea. Alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akifunua mifuniko, akipima kina cha shimo, akimgombeza mwenye nyumba mbele ya mkwewe ikibidi. Akikuta kibuyu chirizi kikavu, chai ya nyumba hiyo hainywi.

Nilipokuwa darasa la tano alikuja kukagua shuleni kwetu. Mwalimu mkuu alimfuata nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Bibi akatoka upande wa wavulana na kutangaza, kwa sauti ile ya kuitia watu shambani, kwamba humu kuna watu hawajui kulenga. Shule nzima ilicheka, kisha ikanigeukia. Hadi namaliza la saba niliitwa Mjukuu wa Vyoo.

Utadhani mtu mzima mwenye watoto wake huyaacha hayo shuleni. Usiku wa kuamkia mazishi niliwafikiria wenzangu wa kazini, ambao wangekaa viti vya mbele, na mkono ukagoma. Nikaandika: mkulima, mama wa nyumbani, mcha Mungu. Nafasi iliyobaki nikaijaza shahada na vyeo vya watoto wake. Wasifu za siku hizi ndivyo zilivyo. Marehemu akipata aya mbili ashukuru. Nikafunga kwa maneno ya Ayubu, nikalala.

Uliposomwa, wanawake waliokaa mikekani walitazamana. Jioni mmoja wao, aliyekuwa kikundi kimoja na Bibi tangu enzi za redio ya balozi, aliniita kando.

“Mjukuu wangu, huyo aliyesomwa ndiye tuliyemzika?”

Nikamwambia ni uchovu wa msiba, nimesahau. Akanipa pole, na nikaipokea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuacha kwenyewe, maana nilikuwa na nafasi nyingine. Siku ya arobaini nilipewa kipaza sauti. Nikaishukuru kwaya, nikaishukuru kamati ya mazishi na waliochangia chakula, nikaketi.

Sasa kaburi linajengewa, na mjomba ananidai maneno ya kuchonga kwenye marumaru. Nimemweleza yote haya, na nimempelekea mstari unaotaja wazi kwamba Bibi alikagua vyoo vya kijiji kizima. Yeye anapendekeza tuandike “afya ya jamii”, eti ndiyo inapendeza. Nimemkatalia. Bado tunavutana, na fundi anataka maandishi yake kabla ya mwisho wa mwezi.