Chemshabongo na Jibu la Neno Moja

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hawakusema lolote kuhusu kujibu, na pengo hilo ndilo lililomsumbua mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliyetwikwa na chama chake jukumu la kutunga maswali ya chemshabongo. Nyanja alizopewa zilikuwa tano: densi ya baleti, michezo, fedha, fasihi na uchukuzi. Sharti lilikuwa moja: kila jibu liwe jina moja, neno moja au mwaka mmoja, ili mwamuzi asibishane na mtu.

Alianza na baleti maadamu ndiyo iliyomtisha zaidi. Swali lilionekana jepesi: Ziwa la Batamaji, kazi mashuhuri ya Mrusi Tchaikovsky, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka gani? Jibu ni 1877, jijini Moscow. Hata hivyo, onyesho la mwaka huo silo lililoipa densi hii umaarufu wake. Ile inayochezwa leo aghalabu hufuata mpangilio wa Petipa na Ivanov uliotolewa St Petersburg mwaka 1895, Tchaikovsky akiwa amekwisha kufariki tangu 1893. Basi anayejibu 1877 hupata alama, lakini densi yenyewe bado hajaijua. Fauka ya hayo, mnamo Agosti 1991, wakati wa jaribio la kumpindua Gorbachev, runinga ya Kisovieti iliwaonyesha watazamaji densi hiyo hiyo huku vifaru vya kijeshi vikiranda katika barabara za Moscow. Jibu la mwaka mmoja lingeyabebaje hayo? Na batamaji mwenyewe, yule mweupe wa shingo ndefu, si ndege wa maziwa ya Afrika Mashariki. Jina hilo wengine humpa bata yeyote aogeleaye. Mtunzi aliweka kalamu chini akacheka peke yake.

Fedha na uchukuzi zilimpa nafuu, kwani zilimjia zikiwa zimeshikana mikono katika neno moja: matatu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nauli ya magari hayo jijini Nairobi ilikuwa mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Nomino ikadondoka njiani, kivumishi kikabaki ndani ya gari. Tena kikahama ngeli: kilichopatanishwa na mapeni katika LI-YA sasa ni nomino kamili ya I-ZI, nasi husema matatu hii, matatu hizi, bila kuona ajabu yoyote. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu. Nauli ya senti thelathini imekwisha kusahaulika, ila bado hutajwa kila siku na kila utingo. Hilo, kwa maoni ya mtunzi, lilikuwa swali bora kuliko lile la mnyama aliyemo katika sarafu ya shilingi kumi iliyotolewa mwaka 2018. (Ni simba.)

Fasihi aliimaliza upesi kuliko ilivyostahiki. Aliuliza ni rais yupi aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Ni Nyerere, mwaka 1963. Toleo alilolirekebisha, Juliasi Kaizari, likafuata mwaka 1969.

Michezo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Ni nani aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki? Vinywa vingi hutamka Kipchoge Keino. La, ni Naftali Temu, katika mita 10,000, jijini Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968. Katika mbio hizo hizo Keino, aliyekuwa akiugua vijiwe vya nyongo, alizidiwa na maumivu akatoka nje ya njia ya mbio. Siku saba baadaye alishinda mita 1,500 kwa muda wa 3:34.9, akimwacha Jim Ryun wa Marekani, mshikilizi wa rekodi ya dunia, kwa karibu sekunde tatu. Haya huulizwa mara kwa mara. Asiyeulizwa ni Ben Jipcho. Yeye ndiye aliyetimka mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56, katika hewa nyepesi ya mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ili Ryun, hodari wa kufyatuka mwishoni, aachwe mbali mapema. Jipcho alilipa kwa pumzi zake. Alimaliza nyuma kabisa ya mwenzake, bila medali.

Wanakamati walimshauri mtunzi aliondoe swali la Jipcho. Jibu lake, walisema, lilihitaji maelezo. Naye alilibakiza, akaliweka la mwisho.

Usiku wa shindano liliposomwa, ukumbi ulitulia tuli kama maji ya mtungini. Kwa kanuni za chemshabongo, mwamuzi angetaja jina, kengele ilie, watu wainuke. Mtunzi akaiomba fursa na kuikimbilia kanuni kongwe zaidi, ile ya vitendawili, ambamo aliyeshindwa hutoa mji na mtegaji hana budi kufumbua.

"Nipeni mji," akasema.

Wengine walitoa Mombasa, wengine Eldoret. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alitoa Lamu.

"Lamu nimefika," akaitikia, kisha akaanza kusimulia mzunguko ule wa kwanza, hatua kwa hatua. Mwamuzi alitazama saa yake mara mbili. Hakuna aliyeinuka.