Swali la dada wa nyuma

Kimya changu kilikuwa cha test, msinune.

Juzi ilikuwa zamu yangu kufundisha wenzangu somo la mazoezi, lile la alama. Mada: ofisi zilivyotumiana data na kuonana kwa video kabla intaneti haijaenea. Nikachora ISDN kwenye manila, nikajiona profesa.

Nilianza vizuri. Sauti kwenye simu ya dijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8. Zidisha: 64,000. Hiyo ndiyo njia moja. Laini ya kawaida ya ISDN ilikuwa na njia mbili za hivyo, pamoja na kanjia ka biti 16,000 ka kushughulikia kupiga na kukata. Ukipiga, njia inafunguka hadi kwa mwenzako na hapiti mwingine humo mpaka ukate. Siyo kama somo letu la mtandaoni wiki ile, sura ya mhadhiri imeganda mdomo wazi (tulicheka, dhambi) kwa sababu pakiti zetu zinagombania nafasi na za hosteli nzima.

Kwa video, kampuni ziliunganisha njia 6, zikapata kilobiti 384. Ila kila njia ni simu kamili. Mkutano mmoja, bili sita!

Hapo dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ilikuwa haigombaniwi, mbona wameiacha?"

Nikakauka. Nikasema swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Msimamizi akaandika kwenye fomu yake, akaandika, akaandika. 11 kati ya 20.

Usiku nikakaa kimbweta na ile manila, kumbe jibu lilikuwa humo humo. Njia ni yako hata ukinyamaza. Video inaijaza muda wote, sawa. Lakini data za ofisi huja kwa vipindi: unatuma faili, kisha dakika kumi unasoma tu, njia imeshikwa tupu na bili inatembea. Pakiti za wengine zingepita kwenye hayo mapengo. Ndiyo maana hata Japan, ambako NTT ilianzisha ISDN 1988, upande wa data ulianza kuzimwa Januari 2024.

Nimebembeleza, nimeruhusiwa kurudia Alhamisi. Yule dada nimemwomba akae palepale nyuma, aulize tena.