Picha ya Harusi ya Bibi

Mwaka 1947 Mwadui, hapa kwetu Shinyanga, ilitoa almasi ya rangi ya waridi, karati 54. Mwenye mgodi, Williamson, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake.

Bibi yangu naye aliolewa Mwadui, babu akiwa kibarua mgodini. Picha ya harusi alikuwa nayo moja tu, pembe zimeliwa na mende. Jicho langu la fundi likaona mkono mmoja wa gauni umezidi mwingine. Nikamuuliza nani alishona.

Akacheka. "Mimi mwenyewe, usiku, kwa kibatari."

Miaka yote nawashonea maharusi, sikujua nimerithi. Mwezi uliofuata bibi akatutoka, Allah amrehemu. Bibi harusi, kabla hujatafuta mshono kwenye simu, kamuulize bibi yako picha yake. Leo.