Kava la Taa Songea

Usiku wa Songea una baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na watu hupita na makoti saa ambazo sisi Tanga tumekaa barazani tukijipepea. Natembea nikitazama taa za barabarani. Umeme wa uhakika ni mgeni hapa: hadi laini ya kutoka Makambako ilipouunganisha mji na gridi ya Taifa mwaka 2018, Songea ilitegemea zaidi jenereta za dizeli.

Taa hazifanani. Zipo zenye kava la kioo bapa, zipo zenye kava la plastiki lililobinuka. Mchana ndipo tofauti hujitokeza. Kioo, hata kikishika vumbi jekundu la kiangazi, mvua ikikiosha kinang'aa tena. Plastiki iliyokaa juu miaka mingi imekuwa ya njano kama jani la tumbaku lililokaushwa, na mwanga wake hufika chini umefifia. Ni kazi ya jua: miale ya urujuanimno huivunjavunja plastiki taratibu, na miale hiyo huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda juu. Kwetu pwani adui ni chumvi ya bahari. Hiyo hula skrubu na mkono wa nguzo, kwa hiyo mafundi wa nyumbani huzungumzia kutu, kava halitajwi.

“Kaka, kioo ni kizito kukipandisha,” aliniambia fundi mmoja karibu na soko, ngazi begani. “Na mawe ya watoto je? Plastiki inavumilia.” Hilo ni kweli. Polikaboneti ina karibu nusu ya uzito wa kioo, na jiwe likiipiga hudunda. Ila kioo kilichoimarishwa kwa moto nacho kikivunjika humwagika punje butu, si vigae vya kumkata mpita njia.

Mvua za kwanza zikianza, nikaelezwa, kumbikumbi hujaa chini ya taa na watoto huja na mabeseni kuwaokota. Kava lisilozibwa vizuri huwaingiza, wakafia ndani, mabawa yakaziba mwanga. Hapo mpira wa kuzibia una uzito kuliko ubishi wote wa kioo na plastiki.

Kwa jua la mwinuko huu, mimi ningeweka kioo barabara kuu. Plastiki ningeiacha karibu na shule na viwanja vya mpira, ibadilishwe mara inapoanza kuwa ya njano. Wanaozinunulia halmashauri zetu taa, Songea na Tanga pia, waulize kava ni la kitu gani kabla ya kuuliza wati.